Venice Bila Kulizwa

Kila niliyemwambia tunakwenda Venice, ule mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, alikuwa na lake. Mmoja kanishikilia tulale kisiwani, la sivyo hatujafika. Shemeji yangu aliyezoea Ulaya ndiye aliyenichosha: "Shemeji, gondola lazima, dada atakununia." Gondola, ule mtumbwi mwembamba wa kasia wa kutembeza watalii, ni euro 90 kwa nusu saa, tena mchana, usiku inapanda. Acha aninunie.

Tulilala Mestre, upande wa bara. Treni hadi Santa Lucia, stesheni ya kisiwani, ni kama dakika kumi, nauli haifiki euro mbili. Na Mestre iko ndani ya manispaa ya Venice, kwa hiyo anayelala kule hatozwi ile ada waliyoanzisha 2024 kwa wageni wa kutwa siku za msongamano. Unajisajili tu mtandaoni upate msamaha. Mabegi nayo yanabaki hotelini. Wenzetu tuliwaona wakiyabeba juu ya madaraja, ngazi kupanda, ngazi kushuka, mke na mume hawasemeshani, na madaraja ya mji ule yanapita 400.

Turudi kwenye gondola. Canal Grande, mfereji mkubwa, una madaraja manne tu, kwa hiyo wenyeji wana kivuko chao, traghetto. Ni gondola vilevile, nyeusi, pana kidogo, haina mito ya mahameli, wapiga kasia wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Tukaipandia Santa Sofia asubuhi, euro mbili kichwa. Bibi mmoja wa pale, kikapu mkononi, kasimama wima katikati ya chombo kama yuko jikoni kwake. Mimi niliyekulia Pangani, nikivuka kwenda Bweni, nikae? Nikasimama. Mke wangu kanidaka shati: "Baba Nasra, kaa, utatuzamisha!" Boti la abiria likapita, wimbi likatupiga ubavuni, bibi hakutikisika, nami nikajikaza nisitikisike mbele yake. Kufumba na kufumbua tuko ng'ambo, soko la samaki la Rialto. Picha nikamrushia shemeji. "Umeona sasa! Umelipa ngapi?" Sijamjibu mpaka leo.

Soko hilo msiliendee Jumapili wala Jumatatu, samaki hakuna. Boti za abiria, vaporetto, tiketi moja ni karibu euro 10. Ukijua utapanda mara tatu, chukua ya siku nzima. Kahawa nyweni mmesimama kaunta. Kwenye viti vya uwanja wa San Marco mtalipia hadi muziki. Maji ya bomba za mitaani ni mazuri na ni bure.

Halafu anwani. Ukiandikiwa "Cannaregio" na namba ya tarakimu nne, usidhani Cannaregio ni mtaa: ni moja ya kata sita za mji, na namba zinaizunguka kata nzima. Ulizia jina la kichochoro na daraja lililo jirani. Ramani ya simu itakwambia nyoosha moja kwa moja, na mbele yako ni maji.