Pi ipi unayoisema?

Andika pi peke yake kwenye sehemu ya kutafutia mtandaoni uone vurugu yake. Utaletewa ile namba ya duara, 3.14 na kuendelea, utaletewa Raspberry Pi ile kompyuta ndogo, utaletewa sarafu ya kidijitali, ukiendelea kushuka unakutana na wapelelezi binafsi maana nao kwa kifupi chao cha Kizungu ni PI, na wakuu wa miradi ya utafiti vyuoni nao wanajiita hivohivo. Herufi mbili tu jamani. Sisi huku kwetu ndo tumezidi kabisa, pi tunaibandika mwishoni tukitaka kuuliza, yupi, kipi, lipi, zipi, kwa hiyo ukimuuliza mtu "pi ipi?" unasikika kama una kigugumizi ila ndo swali lenyewe la kuuliza kabla hujajibu chochote.

Tuanze na mwenye jina. Pi ni herufi ya 16 ya Kigiriki, ilitokana na herufi ya Wafoinike iliyoitwa pe, maana yake mdomo. Na Wagiriki walikuwa wanaandikia namba kwa herufi zao, pi ilikuwa 80. Yaani kwao ilikuwa namba zamani tu ila sio hii ya duara! Archimedes mwenyewe, mwanahesabu wao wa kale, aliyekaa akachora umbo la pembe sita kwenye duara, akazidisha pembe zikawa 12, 24, 48 mpaka 96, akapata kwamba mzingo ukigawa kwa kipenyo jibu linakaa katikati ya 223/71 na 22/7, hakuliita jibu lake pi. Aliyeanza kuandika π kwa maana hiyo ni William Jones, mtu wa Wales, mwaka 1706, kwa sababu maneno ya Kigiriki ya mzingo yanaanza na herufi hiyo, alafu mwanahesabu maarufu Euler akaitumia na Euler akitumia kitu basi dunia nzima inafuata.

Ile 22/7 tuliyokaririshwa shuleni bado kuna watu wazima wanaamini ndo pi yenyewe, kumbe mwanahesabu Lambert alishathibitisha mwaka 1761 kwamba hakuna sehemu yoyote ya namba nzima juu na chini itakayoipata, desimali zake haziishi wala hazijirudii kwa mpangilio. Huwa namuonea huruma William Shanks, alizikokotoa kwa mkono mpaka desimali 707 akazitoa mwaka 1873, alikuwa ameshateleza kwenye ya 528 na kuanzia hapo zote hazifai, na hakuna aliyegundua mpaka miaka ya 1940, yeye keshakufa zamani.

Sasa hiyo ndo pi maarufu. Shida yangu ni hizi zingine, maana wasomi herufi zinawaishia wanaokota iliyo karibu. Mchumi akiandika π inaweza kuwa faida, kwenye kitabu kingine ikawa mfumuko wa bei, na vyote viwili ni uchumi huohuo. Mkemia akisema pi anaongelea muungano wa atomi, kwa mfano zile kaboni mbili za ethini zimeshikana mara mbili, muungano wa kwanza ni sigma na wa pili ndo pi. Kwenye fizikia kuna chembe inaitwa pioni, mwanafizikia Yukawa alitabiri chembe ya aina hiyo 1935 ikaja kuonekana 1947, na alama yake ni nini? π.

Ukidhani wanahesabu angalau wana adabu na herufi yao umekosea. π(x) kwao ni idadi ya namba tasa kuanzia mwanzo mpaka x, kwa hiyo π(10) ni 4 maana zipo 2, 3, 5 na 7 tu, na mgeni akiiona hiyo atachukua 3.14 azidishe mara 10 bila wasiwasi wowote na mi siwezi kumlaumu. Ile kubwa Π ni amri, inasema zidisha vyote vilivyofuata.

Ila inayonikera kuliko zote iko kwenye takwimu. Kuna fomula ya kuchanganya zile grafu za umbo la kengele kadhaa zikawa moja, kila kengele inapewa uzito wake, na vitabu vingi vinauandika uzito huo π na kanamba kadogo chini. Sawa. Lakini fomula ya kengele yenyewe ndani ina 1/√(2πσ²), π ya duara! Kwa hiyo mstari mmoja una π mbili, moja inabadilika na nyingine haibadiliki milele, na mwandishi wa kitabu anapita kimyakimya kama hajaona kitu. Herufi za Kigiriki ziko 24, hakukuwa na nyingine kweli?

Wa biokemia nao wanakuchezea na ukubwa wa herufi. Pi ni ile fosfeti inayobaki ATP, molekuli inayobeba nishati kwenye seli, ikivunjika kuwa ADP, pI ni ile pH, yaani kiwango cha asidi, ambayo protini ikifika hapo chaji zake zinabalansi kuwa sifuri. Andika haraka uone.

Raspberry Pi nimewasamehe kwa sababu hawajifichi, ilianza kuuzwa Februari 2012 na hiyo Pi wameichukua kwenye Python, lugha ya programu.

Kuhusu kutamka, wanaosema pai wamefuata Waingereza, Wagiriki wenyewe wanasema pi kama sisi tunavyoisoma, kwa hiyo asikucheke mtu. Na ile siku ya pi ya Machi 14 iliyoanzia San Francisco 1988 inaleta maana kwa Mmarekani tu anayeandika mwezi kwanza, 3/14. Kwa sisi tunaotanguliza siku ya kwetu ni 22/7, Julai 22, na ukipiga hesabu 22/7 inakosea kwa kama 0.0013 wakati 3.14 inakosea kwa kama 0.0016, kwa hiyo Julai iko karibu zaidi na pi kuliko Machi yao.