Ororo alipoondoka, wale watu waliletewa mvua na nani?

Kuna kurasa chache za komiki moja ya 1975 ya X-Men, ile timu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambazo nimezibeba kichwani tangu nikiwa darasa la sita, na wiki iliyopita nimezisoma tena kwa simu nikiwa nimekwama kwa jam, nikakasirika, alafu nikacheka peke yangu mpaka makanga akaniangalia, alafu jioni nikampigia mama simu. Ngoja nieleze.

Nakala yangu ya kwanza niliitoa inama bukshop pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, wale jamaa wa vitabu vya mitumba wanaotandaza gunia chini na wewe unainama kuchagua. Haikua na jalada, kurasa za nyuma zimeng'olewa, muuzaji alitaka kumi akachukua tano. Sikujua ni ya mwaka gani wala imeandikwa na nani, nilichojua ni kwamba ndani kulikua na dada mweusi mwenye nywele nyeupe, jina lake Ororo, anaruka angani na radi mkononi, na kwenye kile kiboksi cha maelezo juu ya picha wameandika Kenya. Kenya bana! Mashujaa wote niliokua nawajua walikua wanaishi New York, sasa huyu ni wetu. Nilitembea nayo shule kwa begi karibu muhula mzima, nikiikodisha kwa mandazi.

Sasa ukubwani ndio najua ile kitu ilikua Giant-Size X-Men namba 1, ya Mei 1975, imeandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Na ilikua kama kufufua maiti. X-Men wa kwanza, wale vijana watano wa Stan Lee na Jack Kirby wa 1963, walikua wamechuja kabisa, kuanzia 1970 kampuni yao, Marvel, ikaacha kutunga hadithi mpya ikawa inachapisha tu zile za zamani chini ya jina lilelile. Alafu wakubwa wa biashara wakawaza, mbona tusitengeneze timu ya watu wa nchi mbalimbali ili tuuze na nje? Ndio hapo Wein na Cockrum wakaingia. Kwa hivyo Mkenya wetu alizaliwa kwenye mkutano wa mauzo, lakini hiyo hainiudhi, vitu vingi vizuri vimeanza kwa kutafuta pesa.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. X-Men wa zamani wamepotea kwenye kisiwa kinaitwa Krakoa, Cyclops, kiongozi wao, karudi peke yake, Profesa Xavier, mwanzilishi wa timu, anazunguka dunia kutafuta watu wapya wa kwenda kuwaokoa, wanafika, kumbe kisiwa chenyewe ndio adui, kiko hai na kina njaa. Mwisho wanakirusha kisiwa kizima angani kama mtu anarusha ganda la ndizi. Hapo sina la kusema, ni vurugu tamu ya kitoto na inaisha haraka.

Utamu uko kwenye ule mzunguko wa Xavier. Anaanzia Ujerumani, anamkuta Kurt Wagner, rangi ya bluu, mkia, vidole vitatu, watu wa kijiji wanamkimbiza na mienge wamuue. Kanada anamkuta Wolverine anaacha kazi ya serikali kwa kukata tai ya mkubwa wake na makucha (kila mtu aliyewahi kuandika barua ya kuacha kazi anaelewa hiyo picha). Siberia kuna Piotr anavunja trekta kwa mwili ili isimkanyage dadake mdogo. Arizona kuna John Proudstar, Mwapache, anapigana na nyati mkono mtupu, na Xavier anampata kwa kumchokoza tu, anamwambia kitu kuhusu uoga wa Waapache na jamaa anapanda hasira anakubali. Ona hiyo tabia ya Xavier, nitairudia.

Na Kenya je? Kenya hakuna jina la mahali. Wengine wote wana anwani, hata Piotr ana shamba lake la ushirika karibu na ziwa Baikal, Banshee, mwingine wa hao wapya, yuko ndani ya Nashville kwenye ukumbi wa muziki, lakini sisi ni Kenya tu, basi. Kuna ukame, watu wamepiga magoti wanamlilia mungu wa kike, anatokea Ororo karibu uchi, anaita mvua, mvua inanyesha, watu wanafurahi. Mara hiyohiyo anatokea mzungu na suti anamwambia wewe sio mungu, wewe ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu, njoo nikupe dunia yenye watu watakaokuogopa na kukuchukia lakini wanakuhitaji. Anafikiria kidogo, anaenda.

Nikiwa darasa la sita hapo nilipiga makofi. Saa hii nikasimama. Wale watu wamebaki na nani? Dakika mbili zilizopita walikua wanakufa na kiu, mtu pekee anayewaletea mvua ameondoka kwenda Marekani na hakuna aliyewauliza, hawaonekani tena kwenye hiyo hadithi hata kwa picha moja. Na Xavier anasema huko ndio unahitajika. Huko! Sisi tunajua hiyo filamu, kila familia ina daktari au nesi mmoja aliyeondoka hivyohivyo, na wala simlaumu anayeondoka, nashangaa tu kwamba mwandishi hakuona kuna swali.

Kitu kingine, hiyo komiki ina tarehe ya Mei 1975. Machi ya mwaka huohuo mbunge J.M. Kariuki alikua ameuawa na maiti yake kukutwa msitu wa Ngong, nchi nzima inatetemeka, wanafunzi wa chuo wako barabarani, bunge limeunda kamati ya uchunguzi. Hiyo ndio Kenya iliyokuwepo. Ile ya Xavier ni Kenya ya mtu aliyeangalia ramani kwa mbali na kukumbuka picha za ukame kwenye magazeti, maana miaka hiyo Sahel na Ethiopia njaa ilikua imeua watu wengi kweli.

Na mvua? Ndio maana nikampigia mama. Kwao ni Bunyore, magharibi mwa Kenya, na kama hujui, Bunyore kuna ukoo wa Nganyi, watu wa mvua toka enzi za mababu. Hao hawaruki angani. Ni wazee, wana misitu yao midogo mitakatifu, wana vyungu, wanaangalia mti gani umeanza kuchipua majani, wadudu wanaelekea wapi, chura wanalia vipi, alafu wanasema mvua itakuja lini na itakua ya aina gani. Na hawabahatishi, miaka ya karibuni watu wa idara ya hali ya hewa wamekua wakikaa na hao wazee kabla ya msimu, kila upande unaleta utabiri wake, wanalinganisha, ndio wakulima wanaambiwa. Fikiria Wein angejua hiyo mwaka wa 1975, Ororo angekua na chungu na babu mkali.

Nikamweleza mama hadithi yote, akanyamaza, alafu akauliza, "Sasa baba, huyo msichana ni wa kwa nani?"

Nikamwambia, "Hawajasema, mama. Wameandika tu Kenya."

"Haiwezekani. Mtu wa mvua lazima awe na watu wake. Mvua ikiharibu mahindi utaenda kumlaumu nani?"

Hapo nikaona mama kwa sekunde kumi amefanya uhariri ambao Marvel iliuchukulia mwaka mzima na zaidi. Kwa sababu hilo swali la ni wa kwa nani lilikuja kujibiwa, kwenye X-Men namba 102, mwisho wa 1976, wakati mwandishi tayari ni Chris Claremont na Cockrum bado anachora. Kumbe mamake ni N'Dare, binti wa kifalme kutoka Kenya, babake ni David Munroe, mpiga picha Mmarekani mweusi. Kumbe amezaliwa New York! Wakahamia Cairo, vita vya Suez vya 1956 vikawakuta, ndege ikaanguka juu ya nyumba, wazazi wakafa na yeye akafukiwa kwenye kifusi kando ya mwili wa mamake. Ndio maana mpaka leo Ororo hawezi kukaa sehemu iliyobana. Akalelewa na mwizi mkuu wa mtaani, akawa chokoraa fundi wa kuchomoa mifuko, alafu akatembea kutoka Cairo mpaka huku kwetu, zaidi ya kilomita 3,000 kwa miguu, akitafuta kwao mamake. Maelezo mengine ya maisha yake yanataja Serengeti kama ardhi ya mababu zake, kwa hivyo Watanzania mtatusamehe, tumeshazoea kugombania Kilimanjaro, tuongeze na hii.

Ukisoma hiyo alafu urudi kwenye zile kurasa za 1975, zinabadilika ladha. Yule aliyesimama mbele ya watu wanaopiga magoti sio mungu wala sio sanamu ya utalii, ni yatima aliyetembea nusu bara akapata kijiji kimoja kinachomhitaji. Na Xavier anamtoa hapo, na vile tulivyoona kwa Proudstar jamaa anajua kubonyeza. Huyo Proudstar naye alikufa kwenye namba 95, hata mwaka haukuisha. Ile timu ya mataifa haikua salama kwa kila mtu.

Lakini siwezi kuichukia hii komiki, nimejaribu nimeshindwa. Cockrum alichora mavazi kama fundi wa harusi, lile koti jeusi la Ororo likipigwa na upepo bado linanisisimua. Na jina nalo, sijui kama walijua, lakini sisi tunasema ngozi nyororo, sauti nyororo, kwa hivyo kila nikiona Ororo nasikia kitu laini alafu ukurasa ukifunguka ni radi. Na huyu dada aliyetolewa kijijini na mzungu ndiye aliyekuja kumpiga Cyclops kwenye pambano la 1986, bila nguvu zake hata kidogo, akachukua uongozi wa timu. Nilikua sina hiyo namba utotoni, ningeikodisha kwa chapati.

Juzi mama kapiga, nikajua ni habari ya mbolea. Tukaongea mbolea, tukaongea ng'ombe, akakaribia kukata, alafu akasema, "Na yule msichana wa mvua, alirudi kusalimia wale watu?"

Nikamwambia bado nasoma mama, nikifika hapo nitakupigia.