Nairobi Huchoki kwa Umbali, Unachoka kwa Kuta

Jana mlinzi wa jengo moja Kilimani kaniuliza, "Gari iko wapi?" Nikamwambia nimekuja kwa miguu. Akaninyooshea mkono nizunguke mpaka geti dogo la nyuma, wanakopita mafundi na dada wa kazi. Geti kubwa lilikuwa wazi mbele yangu, njia yake imesakafiwa mpaka inang'aa. Nimeuzunguka ukuta mzima kwenye vumbi, na hasira haijaniisha hadi leo.

Ndugu zangu wa Tanga, mnajua tulivyolelewa. Ngamiani unatoka Barabara ya Nane unakata mpaka ya Kumi na Mbili, kila nyumba ina baraza, kila baraza ina mtu wa kuitikia salamu. Jua likikaza unapita chini ya paa la duka. Umechoka, kuna baiskeli. Nani aliwahi kuulizwa gari?

Huku mitaa ya wenye nazo imejengwa ikupe mgongo. Ukuta unaanzia kona hii unaishia kona ile, juu waya wa umeme, hamna duka, hamna mlango, mvua ikikukuta hamna pa kujibanza. Mita mia tano za namna hiyo zinachosha kuliko kilomita mbili za River Road, mtaa wa maduka katikati ya mji. Ndiyo, River Road hiyo hiyo mnayotishwa nayo! Linda simu yako, lakini kule milango yote inatazama barabara: fundi saa, duka la vitenge, chai na mandazi, na giza likiingia taa za wachuuzi ndizo zinazokumulikia. Barabara ya Luthuli nayo, wakuu wa jiji walipoigeuza mwaka 2019, magari yakaachiwa mwelekeo mmoja na njia ya miguu ikapanuliwa, ikawa mtaa wa kupita kwa raha. Kwa hiyo kujua wanajua. Wakitaka, wanaweza.

Ubaguzi huu wa miguu ni wa zamani. Mji ulianza 1899 kama kambi ya reli. Wazungu wakajitwalia miinuko ya magharibi, yenye miti na viwanja vikubwa, Waafrika wakasukumwa mashariki, waje kazini na kurudi. Mpaka leo alfajiri ukisimama Enterprise Road utaona wafanyakazi wa viwandani wakitoka mitaa ya mabanda ya Mukuru, mamia kwa mamia, mwendo wa haraka, kila mmoja kashika kifuko cha chakula. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingekula mshahara. Watu hawa ndio wanaouendesha mji huu, na malori yanawasukumia mtaroni.

Pale kuna mama anauza uji. Mfuniko wa mtaro mbele ya meza yake uliibiwa, shimo likabaki wazi. Yeye akalaza ubao, akaupigilia vipande vya tairi kuukuu ili mtu asiteleze wakati wa mvua. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya wateja wake. Akanijibu, "Hapana, baba, hata wasionunua wana miguu." Hakuna aliyemlipa hata senti.

Halafu Mombasa Road. Mimi naishi South C, kazi yangu iko Industrial Area, ng'ambo tu. Kwa macho unapaona. Lakini njia ya mkato imefungwa geti la mtaa, daraja la kuvukia liko mbali, na wengi wanaona heri wakimbie katikati ya magari. Wanaolaumiwa ni wao. Hii barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, mwenye miguu haruhusiwi hata kuikanyaga. Na katika jiji hili wanaokufa zaidi kwa ajali za barabarani ni waenda kwa miguu. Tangu 2015 kaunti ina sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa watembeao na wenye baiskeli. Mimi hiyo asilimia 20 naidai, ingawa si raia, kwa sababu kodi nakatwa kama wao.

Sasa nyie mnaoniandikia mnatafuta nyumba huku. Dalali akikwambia "dakika tano kutoka steji", usitoe hela. Tembea mwenyewe saa moja usiku, na ukipata siku ya mvua ndiyo bora. Angalia taa zinawaka, mtaro umefunikwa, geti la mkato linafungwa saa ngapi, unavukia wapi. Ukipaona hapafai, nyumba ya bei rahisi itakurudia kwenye nauli ya bodaboda, na shilingi mia ya hapa mnajua ni ngapi kwetu. Mimi mkataba ukiisha nahamia South B. Iko upande ule ule wa kazini, maduka yanatazama barabara, na hamna haja ya kuvuka Mombasa Road.