Kijiji cha baba wa babu

Kwenye sensa ya Marekani ya 1880, baba wa babu yangu ameandikwa kuwa kazaliwa "Prussia", basi. Prussia, dola la zamani la Kijerumani, kubwa vile! Nilikwama hapo miaka mitatu.

Orodha za abiria wa meli zilizoondoka bandari ya Bremen, Ujerumani, nyingi ziliharibiwa, lakini za bandari ya Hamburg, 1850 hadi 1934, zipo, na hutaja mahali msafiri alikotoka. Lakini humo hakuwemo. Nilimkuta kwenye kitabu cha ndoa cha kanisa la Kilutheri huko Wisconsin: mchungaji, Mjerumani mwenzake, alikiandika kijiji chenyewe kwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani. Humo "e" hufanana mno na "n", nami jina nililisoma vibaya mara mbili.

Usiku uleule nilimpigia mama, nikamtamkia polepole, silabi kwa silabi.