Siku moja maishani mwangu: kuwapa buibui majina, Dodoma

Saa 1 asubuhi niko Nkuhungu, mbele ya ukuta wa nyumba ya watu, vichupa vimejaa mfukoni. Nasubiri jua lipashe ukuta, maana buibui mrukaji hatoki kwenye baridi. Mama mwenye nyumba, baada ya shikamoo na marahaba, akauliza kama nikimaliza apulizie dawa waliobaki. Nikamwomba sana asipulize. Hawa hawatandi utando wa kunasia, wanawinda nzi ukutani kwa kuwarukia. Nikamwonyesha mmoja: nikisogea kushoto, anageuka kushoto, macho yale mawili makubwa ya mbele hayabanduki usoni kwangu. "Kumbe ananiona!" Kopo la dawa likarudi ndani.

Daladala, vumbi, maabara. Saa 4 nimeshaandika lebo zote.

Saa 5 akaja mwanafunzi na buibui wawili ndani ya spiriti, kawatoa ukuta wa bweni. Kazi yake inakabidhiwa saa 8. "Kaka, niandikie majina tu, ni spishi mbili, rangi si zinaonekana?" Kweli, mmoja ana mstari mmoja mweusi katikati ya tumbo, pembeni weupe. Mwingine ni wa kijivu, mistari miwili imepita ubavuni ikakutana nyuma. Nikamwambia rangi haitoshi. Hawa nao ni warukaji, na familia yao, Salticidae, ina spishi zaidi ya 6,000, na zinazofanana kwa macho ni nyingi mno. Akanionyesha picha kwenye simu, kama vile mimi sijawaona wenyewe mezani! Hapo niliumia. Watu wanadhani kazi hii ni kuangalia na kutaja.

Nikamweka wa kwanza chini ya hadubini. Vile viungo viwili vifupi karibu na mdomo, palpi, vimevimba ncha kama ngumi: dume mzima. Kwenye ncha hizo ndimo spishi hujulikana, kwa umbo la kijisindano kinachopitisha mbegu. Nimeshika kibano, nageuza palpi taratibu, umeme ukakatika.

Tukakaa. Saa 7 ikapita. Kijana anatembea huku na huku, ananiuliza kila dakika. Shingo inauma, njaa inauma, na bado yule wa pili, jike: kiungo chake cha uzazi kiko chini ya tumbo, lazima kikatwe na kulowekwa kwenye asidi ya laktiki mpaka kiwe angavu. Hakuna njia ya mkato, nami siandiki jina nisiloliona.

Umeme uliporudi kijana alikuwa ameshaondoka kuomba muda. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipolinganisha viungo vyao na michoro ya spishi. Wote wawili ni Menemerus bivittatus, dume na jike wake. Dufour, Mfaransa, alimwandika mwaka 1831, na bivittatus ni Kilatini, mwenye mistari miwili. Kwa hiyo jina linamfaa jike kuliko dume.

Kijana akarudi jioni, kaongezewa siku moja. Nikampisha kiti aangalie mwenyewe. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akafuta "spishi 2" kwenye daftari lake.

Wa Nkuhungu mmoja bado mtoto, viungo vyake havijakomaa, hapewi jina. Nilimwachia kwenye ukuta wa nje nikiwa nafunga mlango.