CD ya Taarab

Ilikuwa Januari 2009, kaskazi imeshika na bamvua limepanda. Tulipiga mbizi wanne Leven Bank, ule mwamba wa kati ya Nungwi na Pemba: kiongozi wetu, niliyemwita ami kwa umri wake, mimi mwanafunzi wake, na Mtaliano mmoja na mkewe.

Kosa lilikuwa langu. Wakati wa kupanda tulisimama kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3, na kazi yangu ilikuwa kurusha boya refu la rangi ya chungwa, lile tunaloliita soseji, ili nahodha ajue tulipo kabla hatujaibuka. Nilikuwa nimelikunja kwa kulikaza na kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Vidole vikashindwa na fundo. Muda wote huo maji yanatubeba. Tulipotoa vichwa, boti ilikuwa mbali na imetupa mgongo.

Maji ya mlango ule hukimbilia upande wa kaskazini, na upepo wa msimu unayapiga usoni, basi mawimbi husimama. Kichwa cha mtu humo ni kama nazi inayoelea. Nilipiga filimbi mpaka mashavu yakauma, lakini filimbi haishindani na mashine. Kila wimbi liliponiinua niliuona mnara wa Ras Nungwi, nao ukaniita. Nikaanza kupiga mapezi.

Ami alinidaka kwa nyuma, mkanda wa jaketi langu la kuzamia, lile linalojazwa hewa.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Maji haya huyawezi. Jaza jaketi, miwani ibaki usoni, rudi hapa."

Tukashikana mikono, yule mama, mke wa Mtaliano, katikati. Alikuwa akihema mbiombio. Ami akamwambia "piano, piano", yaani polepole kwa Kitaliano, mpaka pumzi ikatulia. Maji ya Januari kwetu ni ya moto, kama nyuzi 28, lakini nusu saa ilipopita alikuwa anatetemeka, na mumewe akamkumbatia kwa nyuma.

Soseji hatimaye ilifunguka, ikajaa, ikalala chali juu ya maji. Likilala halionekani. Ami alivua mkanda wake wa uzito, ule wa vipande vya risasi, akaufunga kwenye kamba ya chini ya boya, nalo likasimama wima, refu kuliko mtu. Kisha akatoa mfukoni CD kuukuu ya taarab iliyokwaruzika. Akaiweka jichoni, akachungulia boti kupitia tundu la katikati, huku anaigeuzageuza ili inase jua la alasiri. Hakusema neno. Mkono ulipochoka alibadili, akaendelea.

Tulielea karibu dakika 50. Kijana wa boti alituambia baadaye kwamba boya hakuliona kwanza. Aliona kitu kinametameta, akadhani jodari anaruka, halafu akamwambia nahodha ageuze chombo, maana jodari haruki mara tano pahala pamoja.

Mama aliposhika ngazi, mkononi mwangu palibaki alama za kucha zake nne.

Jioni ile, ufukweni, Ami hakunigombeza. Aliukata ule mpira wa baiskeli kwa kisu, akalikunja boya kwa ulegevu na kulibana kwa kipande cha kamba kinachofunguka kwa kuvutwa mara moja. Akanifunga macho kwa kilemba chake.

"Fungua."

Nikafungua. Akalikunja tena. Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi.