Anza na redio ya mbali

Karibu redio zetu zote za 5 GHz, zinazorushiana intaneti kutoka kilima hadi kilima, kuanzia Lushoto mjini hadi Mtae, sasa zina programu dhibiti mpya (ile programu ya ndani inayoiendesha redio), na hakuna aliyepanda mlingoti. Kijana tuliyemwajiri juzijuzi aliniuliza, "Kaka, si tuanze na hii ya hapa ofisini, tuone kama inakubali?"

Hapana. Hiyo ya ofisini ndiyo daraja la kufikia nyingine zote. Ikigoma, Mlalo na Mtae zimekwenda nayo. Ya mwisho kabisa ikigoma, aliyekosa intaneti ni yule wa mwisho tu. Kwa hiyo tunaanza Mtae, tunarudi Mlalo, tunashuka kilimani, na ya ofisini inafunga kazi. Kujaribu tunajaribu mezani, kwenye redio ya akiba ya aina ileile.

Kwenye RouterOS, programu dhibiti ya redio zetu za MikroTik, kuna jambo moja ninalolipenda sana: faili la npk, yaani la toleo jipya, ukishalipeleka linakaa kimya mpaka redio iwashwe upya. Basi Jumamosi jioni tunapeleka mafaili kila mahali, tunalinganisha ukubwa wake, tunakwenda kulala. Faili la chipu ya aina ya arm kwenye redio yenye chipu ya mipsbe halikutishi, redio itawaka na toleo lake la zamani. Linalotisha ni jingine. Tangu toleo 7.13, la Desemba 2023, sehemu ya wireless, inayoendesha mawasiliano ya hewani, imetolewa kwenye faili kuu ikawa faili la pekee. Ukiiachia redio ijisasishe yenyewe kutoka intaneti, inayachukua yote mawili. Ukipeleka kwa mkono faili kuu peke yake, redio itawaka vizuri kabisa, taa zote kijani, ila haina hewani pa kuongelea. Hapo ni ngazi, kamba na kompyuta begani.

Wengi wanasema kazi hii ifanywe usiku wa manane. Labda kwa wenye umeme wa gridi. Vituo vyetu vinatumia sola, na saa tisa usiku betri ndiyo iko hoi. Umeme ukikatika redio ikiwa inaandika kumbukumbu yake, hiyo ni ya kuletwa chini. Isitoshe, kwa ukungu wa Usambara alfajiri huoni hata nguzo, na bodaboda wa kukupeleka utamtoa wapi? Mimi huwasha upya Jumapili saa nne asubuhi. Jua limeshapiga paneli, shule zimefungwa, na nusu ya watu wa mjini wako kanisani. Zahanati naipigia simu mapema, nauliza kama kuna dharura.

Kisha kuna kusubiri. Redio ikiwa inafuata kanuni za Ulaya, kwenye chaneli zinazotumiwa pia na rada lazima isikilize kwanza kama kuna rada kabla ya kurusha mawimbi: sekunde 60 kwa kawaida, na kati ya 5600 na 5650 MHz dakika 10 nzima. Kijana wetu alikuwa ameshaanza kutafuta kofia ya kupandia mnara. Nikamwambia anywe chai.

Kwa nini tusiziache zilivyo, maadamu zinafanya kazi? Aprili 2018 tundu la usalama la Winbox, mlango wa kusimamia vifaa vya MikroTik kutoka kwenye kompyuta, lilizibwa kwa toleo jipya. Miezi michache baadaye vifaa zaidi ya laki mbili vilivyoachwa na toleo la zamani, vingi vikiwa Brazil, vilikuwa vinapenyeza kwenye kurasa za wavuti msimbo wa kuzifanya kompyuta za watumiaji ziwachimbie wezi sarafu za mtandaoni. Mwenye kifaa anaona tu intaneti imekuwa nzito.

Imebaki redio moja upande wa Rangwi. Ina kumbukumbu ya MB 16, imejaa, haiwezi kubeba mafaili mawili kwa pamoja. Nimezima huduma zote isizozitumia na Winbox yake inakubali anwani moja tu, ya ofisini. Itabadilishwa siku nitakayopanda huko kwa ajili ya betri.